Wauza kompyuta waandike wazi: RAM inaongezeka au imechomelewa?

Ndugu Mhariri,

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, matangazo ya kompyuta mpakato hujaa kila mahali na yote hufanana: "Core i5, RAM 8GB, SSD 256GB, nyembamba, nyepesi, inakaa na chaji." Yanataja karibu kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ndilo huamua kama mashine itamtumikia mtu miaka miwili au sita. Hiyo RAM ya 8GB inaongezeka, au imechomelewa kwenye bodi?

Mnunuzi akiuliza hujibiwa juu juu: "Inaongezeka, bosi. Chukua kwanza, RAM utaongeza ukipata hela." Kwa kompyuta nene za zamani jibu hilo lilikuwa sahihi. Kwa hizi nyembamba mara nyingi si kweli, na huenda muuzaji mwenyewe hajui. Mzazi aliyejibana ili mtoto wa mwaka wa kwanza asikose kompyuta, au mwanafunzi aliyemalizia boom lake (fedha ya kujikimu ya mkopo) kwenye mashine moja, hujua ukweli siku fundi anapoondoa kifuniko cha chini na kumwonyesha chipu nyeusi zilizolala kando ya prosesa. Sloti hakuna, wala pa kuchomeka kitu hapaonekani.

RAM ni pale programu zilizofunguliwa zinapokaa zikiwa kazini. Diski, ambayo kwenye kompyuta za sasa huwa ni SSD, ni pale vitu vinapotunzwa hata umeme ukizimwa. Machinga wa Kariakoo anaijua tofauti hii bila kufundishwa: turubai alilotandaza ndiyo RAM, stoo ndiyo diski. Turubai likiwa dogo, kila mteja akiuliza kitu inabidi akimbilie stoo, arudishe hiki atoe kile, na mauzo yanasimama. Kompyuta nayo ikijaza RAM huhamisha sehemu ya kazi kwenye diski na kuirudisha kila inapotakiwa. Mshale unasogea lakini dirisha limeganda. Ukirudi kwenye ukurasa wa Chrome ulioacha dakika kumi zilizopita unaukuta mweupe, unajipakia upya na kula bando. Stoo kubwa haitibu turubai dogo, na ndiyo maana anayetoa SSD ya 256GB na kuweka ya 1TB, akitarajia mashine iwe nyepesi, hurudi kwa fundi akilalamika.

Ukiwa na fedha ya kuongeza kitu kimoja tu, anzia kwenye RAM. Nafasi ya kuhifadhi ikiisha unaweza kununua SSD ya nje ya USB, kuhamishia picha na video kwenye diski nyingine, au kubadilisha SSD ya ndani kama mashine inaruhusu. RAM ikipungua, kwenye kompyuta iliyochomelewa hakuna njia ya pili. Hakuna RAM ya kuchomeka kwenye USB, na programu zinazodai kuongeza RAM hazifanyi zaidi ya kuazima diski, jambo ambalo Windows hulifanya yenyewe tangu zamani.

Watengenezaji wana sababu zao, na ni haki kuzisema. Kipande cha RAM cha laptopu, kile kinachoitwa SODIMM, kina urefu wa karibu milimita 70 na upana wa milimita 30, na juu ya hapo kinahitaji sloti yenye unene wake. RAM aina ya LPDDR, ile inayochomelewa, hukaa milimita chache tu kutoka kwenye prosesa, hula umeme kidogo kompyuta ikiwa imelala, na hukimbia zaidi: LPDDR5X inafika 7,500 hadi 8,533 kwa kipimo cha MT/s (mamilioni ya uhamishaji kwa sekunde), wakati SODIMM za DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata DDR4, zilizozoeleka ni 4,800 na 5,600. MacBook Air ya kwanza, ya 2008, ilikuja na 2GB zilizochomelewa. ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo imekuwa hivyo tangu ilipotoka 2012, na Dell XPS 13 nayo iko kundi hilo hilo. Apple ilipoleta chipu ya M1 mwishoni mwa 2020, RAM iliwekwa kwenye kifurushi kimoja na prosesa. Intel ilifanya vivyo hivyo Septemba 2024 kwenye Core Ultra 200V, na hapo namba ya prosesa yenyewe inakwambia kiasi: inayoishia na 6, kama 256V, ina 16GB, inayoishia na 8, kama 258V, ina 32GB. Hazibadiliki mpaka kompyuta inakufa.

Kwa hiyo kuchomelea si hila. Hila ni kumwambia mteja kwamba inaongezeka.

Kati ya nene za zamani na hizi zisizofunguka kuna kundi la katikati, na kwa mnunuzi wa Tanzania au Kenya ndilo lenye faida zaidi, kwa sababu ndizo zinazofika kwa wingi kama mtumba wa ofisi za Ulaya. HP EliteBook 840 G5 na G6 ni nyembamba za kutosha, zina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na ndani zina sloti mbili za DDR4. Dell Latitude 7490 nayo ina sloti mbili. ThinkPad T480 ina mbili, lakini ndugu yake mwembamba T480s ina RAM kidogo iliyochomelewa pamoja na sloti moja tu. T490 na T14 ya kwanza ziko hivyo hivyo: 8GB au 16GB zimechomelewa, sloti moja iko wazi kwako. T14s, yenye herufi moja tu zaidi kwenye jina, haina sloti ya RAM hata moja. X270 ina sloti moja. X280 iliyofuata haina. Latitude 7490 ina sloti, 7420 haina. Muuzaji anayesema "hizi ThinkPad zote zinaongezeka" anakuuzia jina la familia, wakati wewe unanunua mtoto mmoja.

Kwenye hizi za nusu kwa nusu kuna jambo la kuangalia kwa makini. T490 yenye 8GB ubaoni ukiichomekea kipande cha 8GB, vipande viwili hufanya kazi sambamba na unapata 16GB kamili zenye kasi. Ukiichomekea cha 16GB unapata 24GB, ila ni 16GB za kwanza tu zinazokwenda sambamba. 8GB zinazobaki hutembea kwa njia moja. Si tatizo, kazi inaendelea vizuri, na 24GB zinashinda 16GB kwa anayehitaji nafasi. Linganisha tu bei kabla ya kuamua. Na kama unachagua kati ya T490 ya 8GB na ya 16GB ubaoni, jua kwamba hicho kilichomo ubaoni ndicho utakachokaa nacho siku zote, na sloti ni nyongeza.

Sasa jinsi ya kukagua dukani bila bisibisi. Washa kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", kisha "Memory". Chini upande wa kulia tafuta mstari wa "Form factor". Ukisoma "SODIMM", kwa kawaida kuna kipande kinachochomoka. Ukisoma "Row of chips", kwa kawaida imechomelewa. Mstari wa "Slots used" usiuamini peke yake: baadhi ya mashine zilizochomelewa huandika "2 of 2" au hata "8 of 8" kana kwamba kuna sloti nane, na zile za nusu kwa nusu huhesabu RAM ya ubaoni kama sloti. Baada ya hapo soma jina kamili la modeli chini ya kompyuta, usitegemee stika ya duka, ulitafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Lenovo wana tovuti ya PSREF, ambayo kwa kila modeli inaeleza kama RAM imechomelewa, sloti ni ngapi na kikomo ni kiasi gani. Kompyuta za Dell zina namba ya herufi saba, yaani Service Tag. Ukiiingiza kwenye tovuti yao unaona mashine ilitoka kiwandani na nini. Ukikuta ilitoka na RAM ya 16GB na sasa ina 8GB, uliza kilichobaki kimekwenda wapi. Kwa MacBook Air hakuna haja ya kukagua: kila moja, ya mwaka wowote, imechomelewa RAM.

Angalia pia kiasi kinachotumika kweli. Nenda "Settings", "System", "About". Kompyuta yenye prosesa ya AMD na RAM ya 8GB inaweza kuandika kwamba zinazotumika ni 5.9GB, kwa kuwa 2GB zimetengwa kwa ajili ya sehemu ya prosesa inayochora kinachoonekana kwenye skrini. Hiyo si kasoro wala wizi, lakini aliyenunua 8GB akidhani ana 8GB nzima atashangaa. Tena kuna matangazo ya kompyuta za 2018 na 2019 yanayosema "RAM 20GB" au "24GB". Mara nyingi hiyo ni RAM ya 4GB au 8GB iliyojumlishwa na kipande cha Intel Optane cha 16GB. Optane ilikuwa ya kuharakisha diski, haikuwa RAM, na Intel ilitangaza kuifunga biashara hiyo mwaka 2022. Idadi ya RAM isiyo ya kawaida ni ishara ya kuuliza swali la pili.

Kiasi gani kinatosha? Windows 11 rasmi inadai 4GB tu, lakini kuwaka na kufanya kazi ni mambo mawili tofauti. Kwenye mashine ya 8GB, Windows 11 iliyotoka kuwashwa, bila chochote kilichofunguliwa, kwa kawaida tayari inakuwa imechukua kati ya 3GB na 4GB. Ongeza Chrome yenye kurasa kumi na tano, Word, WhatsApp na kikao cha Zoom, na 8GB zimekwisha. Kwa anayeandika, kusoma PDF na kutuma barua pepe, 8GB inavumilika iwapo kuna sloti ya kuongeza baadaye. Kama imechomelewa, 8GB isinunuliwe tena kwa matumizi ya miaka minne ya chuo. Microsoft yenyewe, ilipoweka masharti ya kompyuta zinazoitwa Copilot+ mwaka 2024, iliweka 16GB kuwa kima cha chini, na Oktoba mwaka huo huo Apple iliacha kuuza MacBook Air mpya za 8GB ikaanzia 16GB. Na Apple ndio waliokuwa wakiitetea 8GB.

Mwanafunzi wa usanifu majengo, ramani au uhandisi asiishie hapo. ArcGIS Pro, programu ya ramani, inadai 8GB kama kima cha chini na kupendekeza 32GB. Adobe wanapendekeza 16GB kwa kuhariri video za HD kwenye Premiere Pro na 32GB kwa 4K. Kwa hawa, kompyuta nyembamba iliyochomelewa 16GB ni ya kupita tu. Afadhali mashine yenye sloti, hata ikiwa nzito kwa gramu mia tatu. Kwa upande mwingine, katibu muhtasi au mwalimu anayeandaa maandalio ya somo hana sababu ya kulipia 32GB. Fedha hiyo imsaidie kupata betri nzima au skrini bora.

Kuna njia ya kujipima badala ya kubahatisha. Kwenye kompyuta unayotumia sasa, au ya rafiki mwenye kazi kama yako, fungua kila kitu unachofungua siku yenye kazi nyingi, kisha rudi pale kwenye "Memory" usome mstari wa "Committed". Una namba mbili, kwa mfano 11.2/15.9. Ya kwanza ni kiasi ambacho programu zako zimeomba. Ikiwa mashine ina RAM ya 8GB na namba hiyo ni 11, tayari unaishi kwa kuazima diski, na kompyuta ijayo haitakiwi kuwa chini ya 16GB. Kwenye Mac fungua Activity Monitor, sehemu ya "Memory", uangalie mchoro wa "Memory Pressure". Kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni kwamba RAM haitoshi kwa kazi yako.

Nikija kwenye hifadhi, swali la kwanza ni aina, kiasi kinafuata. Kompyuta mpya nyembamba za bei ya chini kabisa huwa na eMMC ya 64GB au 128GB. Hiyo ni chipu ya hifadhi iliyochomelewa, ya jamii ya zile za kwenye simu za bei nafuu. Kasi yake ya kusoma ni MB 250 hadi 300 kwa sekunde. SSD ya SATA, aina ya zamani, inafika karibu 550, SSD ya NVMe, aina mpya, inafika 3,500 ikiwa ya PCIe 3.0, na ya PCIe 4.0, kizazi kinachofuata, inafika 7,000. Tofauti kati ya 3,500 na 7,000 mtu wa kawaida haioni. Tofauti kati ya eMMC na NVMe anaiona kila anapofungua faili, tena zaidi RAM inapojaa na diski ikageuzwa turubai. Kibaya kuliko kasi ni nafasi: Windows 11, programu za Office na masasisho hujaza 64GB, na ikishajaa, sasisho kubwa linashindwa kujifungua, linajaribu tena usiku, linakula bando na kushindwa tena. Kompyuta ya eMMC 64GB yenye Windows haifai kununuliwa hata ikiwa mpya kwenye boksi. Mtumba mzuri wenye NVMe unaishinda kwa mbali.

Usishtuke ukiona SSD ya 256GB inaonyesha 238GB, au ya 512GB inaonyesha 476GB. Hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Kwenye hizo 238GB, Windows pamoja na faili zake za kulalia na za kuazima hula 40GB hadi 50GB, programu zinaongeza, na ni busara kuacha sehemu ya tano ya diski ikiwa tupu, maana SSD iliyojaa hadi ukingoni hupunguza kasi ya kuandika na kuchakaa haraka. Zinabaki kama 120GB za mambo yako. Kwa nyaraka, hiyo ni miaka mingi. Kwa video si kitu: simu inayorekodi 4K kwa picha 30 kwa sekunde hutumia karibu MB 170 kwa dakika, yaani 10GB kwa saa. Mpiga video wa harusi na send-off anazijaza kwa wikiendi mbili. Huyo aanzie 1TB, au achukue 512GB ya ndani na SSD ya nje kwa ajili ya kazi zilizokwisha.

Kuna hila moja ya ukubwa ambayo haionekani kwenye tangazo. SSD hupata kasi kwa kuandika kwenye chipu kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndogo zaidi katika familia huweza kuwa na chipu moja na kwenda polepole. MacBook Air ya M2 ya 2022 yenye 256GB ilikuwa na chipu moja, na ikasoma kwa karibu nusu ya kasi ya M1 iliyoitangulia. Ya 512GB haikuwa na tatizo hilo.

Kwenye kompyuta nyingi nyembamba za Windows SSD inabadilishwa hata kama RAM imechomelewa, na hilo hubadilisha hesabu: chukua RAM kubwa na SSD ndogo leo, SSD utaibadilisha mwakani. Ila kipande chenyewe kina vipimo. M.2 ni umbo la kipande cha SSD, na 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80. 2242 ni urefu wa 42. 2230 ni wa 30. Ukinunua 2280 kwa mashine ya 2230 haiingii. Ukinunua NVMe kwa sloti inayokubali SATA tu, inaweza kuingia lakini kompyuta haitaiona, na watu wengi huidhani mbovu wakairudisha. Jambo la tatu linalosahaulika: SSD nyingine zina chipu pande zote mbili, na mashine nyembamba sana zina nafasi ya upande mmoja tu. Ukilazimisha, kifuniko kinabonyea au kipande kinakaa kikiwa kimepinda. Nunua yenye chipu upande mmoja, hasa unapokwenda 2TB na zaidi.

Kwa RAM, kila kizazi kina mlango wake. DDR3 ina pini 204, DDR4 pini 260, DDR5 pini 262, na mwanya wa katikati hauko mahali pamoja, hivyo haziingiliani. Kosa linalotokea ni kwenye DDR3: kuna ya volti 1.5 na kuna DDR3L ya volti 1.35. Zinafanana kwa macho na zinaingia sloti moja, lakini mashine nyingi za Intel kuanzia kizazi cha nne hudai DDR3L na hukataa kuwaka na ile nyingine. Soma lebo: DDR3L huandikwa PC3L, na hiyo L ndiyo unayoitafuta.

Ukiwa unabadilisha mwenyewe au umesimama mbele ya fundi, hatua zisizorukwa ni hizi. Kwanza nakili kazi zako kwenye diski nyingine. Pili tafuta ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Windows 11 hufunga diski kwa siri bila kukuuliza pale unapoingia na akaunti ya Microsoft, na ukigusa bodi au mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayowasha kompyuta) inaweza kudai namba ya tarakimu 48. Namba hiyo iko kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni. Ipate kabla, usisubiri skrini ya bluu. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, legeza skrubu za chini ukizipanga kwa mpangilio wake kwa sababu baadhi ni ndefu kuliko nyingine, na ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa juu. Fungua ukingo kwa kadi ya plastiki, usitumie bisibisi. Chomoa waya wa betri kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayounguza bodi. Shika chuma kisichopakwa rangi kuondoa umeme wa mwilini. SSD huingia kwa mlalo wa kama nyuzi 30, kisha inalazwa na kufungwa kwa skrubu moja ndogo. Usiikaze kwa nguvu. RAM nayo huingia kwa mlalo, dhahabu ya pini isionekane tena, kisha bonyeza hadi vishikizo viwili vya pembeni vilie.

Ukiwasha ikabaki nyeusi, usikimbilie kusema imekufa. Kompyuta za DDR5 huchukua dakika moja au zaidi kuijaribu RAM mpya mara ya kwanza, na anayezima katikati anajiongezea tatizo. Ikizidi dakika kadhaa, toa kipande, futa pini kwa ufutio laini wa penseli, rudisha. Mara nyingi hakikukaa vizuri tu.

Mafundi wengine huahidi kuchomoa chipu za RAM au za hifadhi na kuweka kubwa zaidi. Inawezekana kwa mwenye mashine za kazi hiyo, lakini mteja ajue anacholipia. Solda, yaani madini ya kuchomelea, isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi, na bodi nzima iko hatarini wakati huo. Kubadilisha chipu pekee pia hakutoshi. Kwenye modeli nyingi kuna vipande vidogo vya ukinzani vinavyoiambia kompyuta ina RAM kiasi gani, navyo lazima vihamishwe, au BIOS ibadilishwe. Kwa kompyuta ya miaka mitano hesabu haifungi. Na kwenye MacBook zenye chipu ya usalama ya T2 au prosesa za M, hifadhi imefungwa kwa siri na prosesa ile ile iliyozaliwa nayo, hivyo bodi ikiungua picha na tasnifu haziokolewi kwa kuhamisha chipu. Mwenye kompyuta ya namna hiyo asikae wiki bila nakala ya pili.

Kuhusu bei, ushauri wa zamani ulikuwa "nunua na RAM ndogo, kipande utakipata kwa bei poa mtaani." Tangu mwishoni mwa 2025 ushauri huo umeyumba. Samsung, SK Hynix na Micron, wanaotengeneza sehemu kubwa ya RAM ya dunia, wanaelekeza viwanda kwenye seva za akili unde, na bei za vipande vya kawaida zimepanda sana. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza RAM na SSD za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Kwa hiyo kabla ya kuchukua mtumba wa 8GB wenye sloti, piga bei ya kipande siku hiyo hiyo na ujumlishe. Mara kwa mara mashine iliyo tayari na 16GB inatoka nafuu. Kwa MacBook Air ya M4 ya 2025 hesabu ni nyingine: Marekani ilianzia dola 999 ikiwa na 16GB na 256GB, na ngazi ya kwanza ya nyongeza, ya RAM au ya hifadhi, ilikuwa dola 200. Mwenye dola 200 moja tu na kazi nzito aiweke kwenye 24GB, video zake zikae kwenye SSD ya nje.

Kwa mtumba, bado jambo moja la dakika tano. Ingiza programu ya bure ya CrystalDiskInfo kwenye flashi uende nayo dukani. Itakuonyesha afya ya SSD kwa asilimia, saa ilizowaka na kiasi kilichoandikwa. SSD nzuri ya 250GB, kama Samsung 970 EVO Plus, ina dhamana ya kuandikwa TB 150. Ukikuta ya ukubwa huo ina TB 20 na afya 95, haina shida. Ukikuta afya 40, au neno "Caution", omba ibadilishwe kabla hujalipa.

Ombi langu kwa wauzaji, na kwa dawati la matangazo la gazeti lako, Mhariri, ni mstari mmoja kwenye kila tangazo na kila risiti, kwa mfano: "RAM 8GB imechomelewa, sloti ya ziada 1 ya DDR4, SSD 256GB NVMe, M.2 2280, inabadilika." Au: "RAM 8GB imechomelewa, sloti hakuna, hifadhi eMMC 64GB imechomelewa." Muuzaji akiandika mstari huo kwenye risiti na ukaja kuwa si kweli, mnunuzi ana karatasi ya kurudi nayo dukani.

Fundi wa kompyuta,
Dar es Salaam